Nusu ya Chiriku

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, naye alilijua jina hilo wala hakuwakasirikia. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha kuchora na kufuma katika chumba cha mwisho cha shule ya sekondari, kile chenye dirisha lisilofungika, na rula ya mbao haikumtoka mkononi. Ukimaliza kufuma shubiri moja, anakuja, anaibandika ubavuni mwa kitambaa. Ukingo ukiwa umeingia ndani hata kidogo, anasema neno moja tu: "Fumua."

Kidato cha tatu walikuwa na kazi ya muhula mzima. Kila mmoja achore kitu cha nyumbani kwao, mchoro ufungwe nyuma ya fremu, nyuzi za mtande, zile za wima zinazobeba kitambaa, zisimame mbele yake, kisha aufuate kwa nyuzi za rangi, mstari kwa mstari, kutoka chini kwenda juu. Wengi walichora maua ambayo kwao hayakuwapo.

"Chora unachokiona," aliwaambia. "Usichore unachotaka mgeni akione."

Aliyemwelewa ni Chiriku peke yake. Hilo nalo lilikuwa jina la kupewa, maana mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Alichora uani kwao: kamba ya kuanikia nguo, ndoo yenye mpini uliokatika, na shuka la mistari lililoning'inia upande. Mwalimu aliutazama mchoro ule mara mbili, akajizuia kusifu. Aliogopa kumvimbisha kichwa.

Tatizo lilikuwa mkono. Chiriku alifuma huku akipiga soga, na kila hadithi ilipofika patamu, alivuta uzi kwa nguvu. Kufikia wiki ya sita kitambaa kilikuwa kimebana kiuno kama nyigu.

"Fumua," alisema Mwalimu Rula.

"Yote, Mwalimu?"

"Mpaka kwenye ndoo."

"Mwalimu, hiyo ni kazi ya wiki tatu! Na nimeshamwambia mama kwamba siku ya wazazi atakikuta kimekwisha."

"Ungefunga mdomo ukafungua macho, kingekuwa kimekwisha."

Darasa liliangua kicheko. Chiriku naye akacheka, kicheko cha kufunika aibu, kisha akainama akaanza kufumua. Siku hiyo hakusema tena. Wiki iliyofuata alifuma upya, taratibu, mpaka akafika katikati ya shuka. Jumatano ya wiki ya pili hakuja. Walisikia amelazwa, kichwa na shingo vinamuuma. Jumapili akafariki.

Mwalimu alikwenda mazikoni na wenzake, akakaa nyuma kabisa. Hakuthubutu kumkaribia mama mtu. Aliporudi darasani alikuta fremu ya Chiriku imesimama palepale, sindano yenye uzi wa bluu imechomekwa kitambaani. Wanafunzi walikuwa wamesogeza viti vyao mbali nayo bila kuambiwa na mtu.

Kuanzia siku hiyo, kengele ya mwisho ikilia, alijifungia chumbani akafuma. Majuma mawili. Alijiambia kwamba anamfanyia mama yule hisani. Jambo lenyewe alilijua, ila hakutaka kulikodolea macho: kama asingesema lile neno, mtoto angeacha kazi iliyokwisha.

Mama alikuja siku aliyoitwa. Alikuwa mwanamke mfupi, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji na sabuni. Kitambaa kilikuwa mezani, kimekwisha, kimenyooka. Aliketi, akapitisha kidole kuanzia chini.

"Ndoo yangu hii," alisema, akatabasamu kidogo. "Nilitaka kuitia mpini mpya, akanikataza. Akasema, 'Mama, iache, nimeshaichora.'"

Kidole kikapanda. Kilipofika katikati ya shuka, kikasimama.

"Huku juu ni nani?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mwanangu ameishia hapa. Huku ni mtu mwingine. Mimi nafua nguo za watu, Mwalimu. Mtu namjua hata kwa anavyoshona kifungo."

Mwalimu aliiweka rula mezani. "Ni mimi. Nilitaka upate kitu kizima."

"Kizima nikifanyie nini?"

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Mwalimu alingoja kelele zipungue, hazikupungua, akasema hivyohivyo.

"Kuna jingine, mama. Alikuwa karibu kumaliza. Mimi ndiye niliyemwambia afumue. Kingo zilikuwa zimepinda."

Mama aliondoa kidole kwenye kitambaa. "Alilia?"

"Hapana. Alicheka."

"Basi alilia. Yule akicheka vile mbele ya watu, machozi huja nayo nyumbani. Na kweli, siku moja aliingia akajilaza hata chakula hakutaka. Nikadhani amechoka." Alikitazama kitambaa. "Labda ilikuwa hiyo siku. Labda homa ilikuwa inaanza. Sitajua tena."

Hakumlaumu, wala hakumsamehe. Aliomba mkasi.

"Ukikata hivi kitafumuka chote," alisema Mwalimu. Akaketi, akafumua upana wa vidole vinne tu wa kazi yake mwenyewe, mpaka pale kidole cha mama kilipokuwa kimesimama. Nyuzi za mtande zikabaki uchi. Mama akazikata katikati. Kisha wakazifunga mafundo, mbili mbili, huyu akianzia kushoto, yule kulia. Walipokutana katikati, mama aliikunja nusu ya mwanawe kwa ustadi wa mtu anayekunja nguo kila siku ya Mungu, akaaga, akaondoka.

Ile nusu nyingine Mwalimu aliitia kabatini.

Aliendelea kufundisha. Lakini sasa alisimama mbele ya fremu ya mwanafunzi, akatazama, akapita. Watoto hawakujua kama kimya kile ni sifa au lawama, na kazi zao zikazidi kulegea. Mkuu wa shule akamwita.

"Mwalimu, mbona huwasahihishi siku hizi?"

"Makosa nayaona, Mkuu. Kusema ndiko kunanishinda."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Muhula mpya ulipoanza, aliomba kuhamishiwa maktaba, akakubaliwa. Chumba cha mwisho alipewa kijana aliyetoka chuoni, mchangamfu, aliyewapenda wanafunzi nao wakampenda. Katika kupanga kabati alikuta kipande cha kitambaa kisichokuwa na jina la mtu, akakitumia kufutia brashi.