Makombo Kwenye Vyombo vya Pasaka

Nilimfumania mama mkwe wangu saa nane mchana, siku ya mfungo, kajificha chumba cha chini, mdomo umejaa tango la siki.

Shida ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshika mkate.

Sikilizeni. Antwerp hapa, Ubelgiji, Julai, mfungo wetu Wayahudi wa tarehe kumi na saba Tamuzi, ule wa kuomboleza kuta za Yerusalemu zilizobomolewa. Kiangazi jua la huku halitaki kulala, mnafunga hadi saa nne usiku. Baba mkwe anauliza saa kila dakika kumi. Jirani, ambaye kuta zetu hazimhusu, anakaanga vitunguu madirisha wazi.

Mimi nina mimba ya miezi mitatu na nusu. Rabi alishanikataza kufunga.

Lakini mimba mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii mimi na mume wangu Anshel tuliapa: hatumwambii mtu, kijicho kisije kikatukuta. Na kwenye nyumba ya wakwe, watu kumi ndani, ukionekana unatafuna siku ya mfungo umeshajitangaza.

Ndiyo nikashuka chini, tunakoweka vyombo vya Pasaka, vile visivyotakiwa kuguswa na chachu hata chembe. Huko hatii mguu mtu mpaka mwakani.

Nafungua mlango, namkuta Mama Frumet kakalia ndoo. Mama wa watoto wanane, mfungaji namba moja! Mwezi mzima alitutia wasiwasi: kapauka, jikoni haingii, Anshel anamsomea zaburi kila asubuhi.

Tukatazamana. Nikajua siri yangu imekwisha.

"Perl!" akafoka kwa kunong'ona. "Makombo ya mkate? Kwenye vyombo vya Pasaka?"

"Na wewe je, Mama?"

"Mimi nina tango. Tango halina chachu!"

Akanitazama usoni, akautazama mkate, akalitazama tumbo langu. Sauti ikamlegea.

"Mwanangu… miezi mingapi?"

"Mitatu na nusu. Naogopa, Mama. Hata kukohoa naogopa." Machozi yakanitoka.

Akanivuta, akanikalisha kwenye sanduku la sahani.

"Basi tuogope wote," akasema, akanipa tango. "Yangu ina miezi mitatu."

"Yako nini?"

"Mimba, we mtoto! Miaka arobaini na nne! Anshel nitamtazama na uso gani?"

Jamani! Tulicheka mpaka sahani zikagongana.

"Nani anacheka siku ya maombolezo?" baba mkwe akanguruma kutoka juu.

"Panya!" akajibu Mama.

Tukapiga magoti wote wawili, tukaokota makombo moja moja. Toka siku hiyo nikawa na mtu wa kuogopa naye, nikaanza kulala usingizi.

Januari mwanangu akaja, mzima, ana sauti kama ya babu yake. Ami yake akafuata siku tisa baadaye, na Mama anadai mwanangu amwamkie.

Hofu ukiilea peke yako inanenepa. Mtafute wa kuigawana naye, huenda mwenzio kakutangulia zamani, kakaa gizani na tango lake.