Jani la Isale kwa Lori Bovu

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kundi letu la sataranji, kwanza naomba mnisamehe. Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi nyingine huwa naziruka bila kujua. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na kuandika ukurasa mmoja kunanichukua muda wa kukata mzigo mzima wa majani ya ng'ombe. Nimeandika kwenye daftari, na Kaka Samweli, kiongozi wa kundi letu, atapiga picha kurasa zote awarushie. Ukikuta neno limekosewa, wewe soma lile nililokusudia.

Karibu wote mmeniuliza swali moja: "Dada Aikande, niambie nina uwezo gani, udhaifu wangu ni upi, na nifanye nini nipande." Swali kama hilo huulizwa mtu mzima mwenye mvi. Mimi nina miaka ishirini na miwili, na mbele za watu sauti yangu hunipotea. Kwa hiyo nitawapa maneno ya bibi yangu aliyenilea huku juu, Old Moshi, pamoja na ya mzee mwingine mtakayemjua hivi punde. Bibi kila jambo zito huanza na "Mwanangu". Neno hilo nitaliacha kama lilivyo. Lipokee kama limetoka kwake.

Siku yenyewe naiona mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja tangu kaka yangu, ambaye ni mpagazi wa mlimani, anipe simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka na kunifundisha sataranji. Kwanza tulicheza kwa mahindi na maharage juu ya kipande cha boksi, halafu akanionyesha namna ya kucheza mtandaoni na watu nisiowaona. Mambo ya kutokuonana yalinifaa sana. Mtu mwenye haya akicheza kwa simu hakuna anayemwona akiona aibu.

Nami nilicheza vizuri, sitaficha. Kete niliyoipenda ni farasi, kwa kuwa haendi kwa kunyooka. Huruka, kama mtu anayevuka mfereji wa maji akitua upande wa pili kabla hujamwona. Kaka Samweli, ambaye ni fundi wa simu kule Njoro, alikuwa anatafuta wachezaji wanne wa kushindana na kikosi cha Arusha. Nafasi ya nne alikuwa ameniambia ni yangu. Usiku nilikuwa nalala nikiitaja kimoyomoyo: ya nne, ya nne. Sikuwahi kuchaguliwa kwenye kitu chochote maishani, hata kuimba kwaya.

Lakini nilikuwa na ugonjwa. Nikizidiwa, sikusema nimeshindwa. Niliigeuza simu kifudifudi na kuondoka, nikimwacha mwenzangu aangalie saa yangu mpaka dakika zangu ziishe zenyewe. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua.

Jumamosi hiyo nilicheza na mtu wa kundi letu anayejiita Lori Bovu. Alininyang'anya ngome, nikaona nimekwisha. Nikaigeuza simu juu ya mzigo wa majani, nikaenda kumsaidia Bibi kumenya ndizi za mtori. Simu ikawa inatoa mlio. Ikanyamaza. Ikalia tena.

"Aika, nani huyo anakuita kama ana mgonjwa?" Bibi akauliza.

"Si mtu, Bibi. Ni mchezo."

"Mchezo hauiti. Soma."

Nikasoma. La kwanza: "Dada, upo?" La pili: "Mtandao umekata?" La tatu: "Kama kuna tatizo nyumbani, pole sana. Nasubiri."

Bibi akaweka kisu chini. "Anasubiri nini?"

"Dakika zangu ziishe. Amenizidi, Bibi. Nikikubali, itaandikwa nimeshindwa."

"Na zikiisha itaandikwaje?"

"Nimeshindwa."

"Kwa hiyo kushindwa ni kulekule, ila kwanza umtese mzee wa watu."

"Umejuaje kama ni mzee?"

"Kijana gani angekwambia pole?"

Ndipo akasema neno ambalo sitalisahau. "Mwanangu, mgeni akija kwako mkazungumza, hata akikushinda kwa hoja, ukimaliza unamsindikiza mpaka njiani. Hutoki kwa mlango wa jikoni ukajificha zizini, ukamwacha na kikombe mkononi akiita hodi ndani ya nyumba ambayo tayari yumo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilidhani nimekulea."

Hilo "nilidhani" liliniuma kuliko fimbo.

Jioni ileile Kaka Samweli akaandika kwenye kundi, mbele ya wote: "Aikande, nimeangalia michezo yako. Umekimbia mara tano mwezi huu. Mchezaji anayezima simu akizidiwa siwezi kumpanga. Nafasi ya nne iko wazi mpaka Ijumaa." Nilikwenda zizini kweli, siyo kwa mfano, nikalia nikiwa nimeegemea ubavu wa ng'ombe.

Kesho yake tulipotoka ibadani, Bibi hakuingia ndani. Alinipeleka mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, ilipopandwa isale. Wenzetu msiotoka huku, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Wazee wetu waliupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, na mtu aliyekosa akimpelekea jani lake aliyemkosea, huyo haruhusiwi kukataa kusamehe. Bibi akakata moja, akalifuta umande kwa kitenge.

"Mpelekee."

"Bibi, yule mtu yuko Tarakea. Hata uso wake siujui."

"Simu inayojua kukimbia watu, haijui kupiga picha?"

Nikalishika jani kwa mkono mmoja, nikapiga picha kwa mwingine. Nikaandika kwa shida: "Babu, shikamoo. Mtandao haukukata. Nilikimbia. Hili jani ni langu kwako." Nikatuma.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nikaanza kufikiri kwamba jani la kwenye kioo si jani. Bibi husema: Mwanangu, kuomba msamaha ni kazi ya dakika moja, ila kungoja jibu lake ndiko kunakokomaza mtu.

Jumatano mchana akanijibu: "Binti, marahaba. Nilikuwa Holili namsaidia kijana wangu mambo ya mizigo, simu ilibaki nyumbani. Jani nimeliona. Nimemwonyesha mke wangu, amecheka mpaka amekaa chini, anasema tangu azaliwe hajaona isale linalosafiri kwa simu. Lakini isale ni isale, halikataliwi. Nimesamehe. Ila nina sharti: tumalize mchezo wetu."

Akapiga simu. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeendesha malori miaka mingi, na ndiyo maana ya lile jina lake. Kila mmoja alifungua ubao wake, tukapanga kete kama nilivyoziacha. Bibi alikuwa kando akisikiliza.

"Zamu yako," akasema. "Unamwona farasi wako wa kulia?"

"Namwona, Babu."

"Heri yako. Mimi sikumwona mpaka uliponyamaza. Baada ya ile meseji ya tatu nikautazama ubao tena, nikasema, lo, kumbe huyu binti hana tatizo lolote, anapiga hesabu! Nikaanza kutoka jasho. Dakika kumi nzima nangoja unichinje."

Nikatazama. Nikatazama tena. Farasi wangu alikuwa na mruko mmoja tu ambao kwa mguu mmoja ungemtisha mfalme wake, na kwa mguu mwingine ungemshika malkia. Mfalme lazima akimbie, na malkia anabaki.

"Babu... malkia wako."

"Eeh. Sasa mchukue taratibu, asipige kelele."

Mchezo nilioukimbia nikidhani umekufa ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyeuzika ukiwa hai. Na ile michezo mingine minne je? Sitajua kamwe, na hilo hunisumbua mpaka leo nikiwa nakata majani.

Msidhani nilishinda. Nilimchukua malkia, furaha ikanipanda, nikaharakisha, yule mzee akanifunga mfalme wangu kwa ngome zake mbili. Nikavuta pumzi, nikasema, "Asante kwa mchezo, Babu. Nimeshindwa." Mdomo haukunipasuka. Bibi akaitikia kutoka kwenye kigoda, "Sasa umemsindikiza."

Ndipo nikamuuliza Lori Bovu swali lilelile mnaloniuliza ninyi. Akacheka.

"Binti, dereva kabla ya kushuka mlima anakagua breki, hakagui honi. Wewe una honi nzuri sana. Jicho lako la farasi wengi hawana, tena unakumbuka kila kete ilikosimama, na hujisifu. Lakini breki huna. Malkia unamtoa asubuhi kabla hajanywa chai. Mfalme unamwacha katikati ya barabara. Na hujiulizi kamwe, huyu mwenzangu anataka nini? Unajiuliza wewe unataka nini tu."

"Nifanyeje?"

"Punguza safari. Unacheza michezo mingapi kwa siku?"

"Kumi. Kumi na mbili."

"Ya haraka haraka?"

"Ndiyo."

"Cheza mmoja, wa polepole. Kisha kaa na ule uliopoteza, urudie tangu mwanzo, utafute mahali ulipokosea, na uandike kwenye daftari kwa maneno yako. Mfalme mfiche nyuma ya askari wake mapema, kabla hujatafuta ugomvi. Na ukijiona umekwisha, hesabu mpaka ishirini, kisha tazama farasi wako."

Nilipokata simu, Bibi alisema hilo la daftari analijua. Kila asubuhi huzunguka kihamba kabla ya chai, na hasimami kwenye mgomba wenye mkungu mkubwa. Husimama kwenye ule unaonyauka, akaushika, akautazama chini kwenye shina. "Mgomba mzima hauna la kuniambia," akasema.

Alhamisi Lori Bovu alimwandikia Kaka Samweli kuniombea. Sijui alisema nini. Najua tu jibu nililopata mimi: "Nafasi ya nne ni yako. Ukizima simu, napanda huko kwenu kwa miguu na bisibisi mkononi."

Siku ya mashindano nilishuka Njoro, tukakaa dukani kwake kati ya simu zilizofunguliwa matumbo. Lori Bovu alicheza akiwa kwake Tarakea, akashinda. Kaka Samweli akashindwa. Mwenzetu wa tatu akatoka sare. Tukawa tumelingana na Arusha, moja na nusu kila upande, na mchezo uliobaki ulikuwa wangu.

Nao ulikuwa mbaya. Nilikuwa nimepungukiwa ngome, na mfalme wangu alikuwa amebanwa kona. Wote walisimama nyuma yangu. Masikio yakawa ya moto. Nikaona vidole vyangu, vyenyewe, vimeanza kuigeuza simu.

Kaka Samweli akasema polepole, "Dada, bisibisi ninayo."

Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniokoa. Nikarudisha simu, nikahesabu mpaka ishirini. Nikamtazama farasi, safari hii hakuwa na msaada. Lakini karibu naye alikuwa malkia wangu, na mbele ya mfalme wa yule kijana wa Arusha palikuwa na upenyo. Malkia akamtisha mfalme. Mfalme akasogea. Malkia akamtisha kutoka upande wa pili. Mfalme akarudi alipotoka. Nikarudia, akarudi. Hakuwa na pa kujificha, nami sikumpa nafasi ya kupumua. Kete ziliposimama vilevile mara ya tatu, simu ikaandika neno moja: sare.

Duka zima lilipiga kelele. Nilimwandikia yule kijana, "Asante kwa mchezo. Karibu tena Moshi." Akajibu, "Niliambiwa wewe huwa unaondoka." Nikamwandikia, "Zamani."

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa anakamua. "Mmeshinda?"

"Hapana, Bibi. Mbili kwa mbili. Hatukushindwa."

"Na wewe ulikaa mpaka mwisho?"

"Nilikaa."

Akaendelea kukamua. Lakini Jumapili iliyofuata nilimsikia nje ya kanisa akiwaambia akina mama wenzake, ambao hakuna hata mmoja anayejua sataranji ni nini, "Mjukuu wangu alikaa mpaka mwisho." Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Mimi mwenye haya niliwapa mkono wote, tena nikiwatazama usoni.

Basi, wadogo zangu, jibu langu ni hili. Uwezo wako utaonekana wenyewe. Usipoteze muda kuutafuta. Udhaifu wako uko kwenye ule mchezo ambao hutaki kuufungua tena, kwa hiyo anzia huo. Cheza michache, ya polepole, uandike makosa yako kwa mkono wako hata kama mwandiko ni mbaya kama huu. Mfalme wako mweke mahali salama kwanza. Ukishindwa, msindikize mwenzako. Na usiondoke kwenye ubao ukidhani umekufa, kwa kuwa kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na huenda aliyekaa upande wa pili anatoka jasho.

Mungu awape macho ya farasi na moyo wa kukaa. Awatunze nyumbani, shambani na njiani, na awape kila mmoja mtu wa kumwambia "nilidhani nimekulea" kabla mambo hayajaharibika.

Sasa nanyi niandikieni. Kila mmoja anitumie mchezo mmoja aliowahi kuukimbia, nami nitakaa nao. Nitachelewa kujibu, maana naandika polepole, lakini sitaigeuza simu.