Fundi Yusta na benchi la mgrevilea

Randa ya Yusta Shemndolwa inapita juu ya ubao, maranda ya rangi ya waridi yakimwangukia viatuni. Ni saa mbili asubuhi hapa Lukozi, ukungu haujaondoka, na fundi huyu wa miaka arobaini na sita ana wasiwasi kwelikweli. Leo wazee wa kanisa wanakuja kukagua benchi la mfano. Wakilipenda, atatengeneza ishirini na manne. Wakilikataa, kazi inakwenda kwa fundi wa Lushoto mjini.

Tatizo ni mti wenyewe. Benchi ni la mgrevilea, ule mti wa kigeni uliojaa mipakani mwa mashamba na kwenye kahawa.

"Kwetu mgrevilea ni kuni," anasema akicheka. "Ukimwambia mtu utamtengenezea kabati la mgrevilea, atakuuliza kama umeamka salama!"

Sifa hiyo mbaya, anakiri, hata yeye aliichangia. Miaka sita iliyopita alimtengenezea Mwalimu Nassir, mgeni kutoka Tanga, mlango wa mbao za mgrevilea zilizopasuliwa wiki ileile, bado mbichi. Masika yalipoingia mlango ukavimba, ukagoma kufunguka. Mwalimu akatokea dirishani na suti yake ya kazini. Watu walicheka wee!

Tangu hapo Yusta hana haraka. Mbao anazipanga kivulini mwaka mzima, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Gogo nalo hulipasua kuanzia moyoni kwenda nje, ndipo ubao unapotoa maua kama ya kitambaa cha kufuma.

"Unga wake unawasha ngozi, sikufichi. Lakini ubao ni mwepesi, unaikubali randa, na vanishi ukiupaka unang'aa."

Wazee wanafika. Yusta anawaamkia shikamoo, mmoja mmoja. Mzee Nathanaeli, mkali kuliko wote, anapapasa kiegemeo.

"Maua haya umechora?"

"Hapana, baba. Kachora Mungu, mimi nimepaka vanishi tu."

"Mti gani?"

"Mgrevilea."

Mzee anakaa. Anainuka, anajitupa tena kwa kishindo. Benchi halitoi hata mlio.

"Kumbe miaka yote tunapikia maharage mali!" anasema. "Haya, tengeneza yote."

Yusta anafuta macho kwa kiganja chenye unga wa mbao, furaha imemzidi.

"Siku ya kwanza nitakaa nyuma kabisa," anasema. "Watu wakisimama kuimba, nataka nisikie wimbo mtupu, benchi hata moja lisilie."