Matawi Kumi na Moja ya Mama Miche

Kwetu mtu akitaka kuoga, kwanza ahamishe makopo. Makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, mifuko ya unga iliyotobolewa chini, yote yamejaa udongo na yote yana kijiti au kijani fulani kinachochungulia. Wifi yangu anasema bafuni kuna unyevu mzuri na jua la asubuhi la kutosha. Mimi nasema bafuni ni pa kuogea. Tumebishana hivyo miaka mitano, na anayehamisha makopo mpaka leo ni mimi.

Huyo wifi ni mke wa marehemu kaka yangu. Mtaani wanamwita Mama Miche. Alifanya kazi miaka ishirini na saba katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akipiga pasi mashuka, na alipostaafu watu walidhani atakaa kibarazani kupumzisha miguu. Wapi! Alianza kuotesha miti ya maua. Si mboga, si matunda, bali miti ya kusimama tu na kutazamwa. Nilimcheka. "Wifi, mti usioliwa ni wa nini?" nikamwuliza. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Na hiyo hereni yako unaila?"

Mbegu za mjakaranda huziloweka siku nzima katika kikombe chake cha chai, kisha anazifukia juu juu, kina cha ukucha. Zikiota, kila mche anaufunga uzi mwekundu upande unaotazama jua linapochomoza, na siku ya kuhamisha, uzi huo lazima utazame kulekule. "Hata wewe ukigeuziwa kitanda hulali," anasema. Hauchukui mche kivulini akautupa juani ghafla. Anautoa saa moja leo, saa mbili kesho, mpaka uzoee. Na mche hautoki kwake kwenda kwa mtu kabla hajaliona shimo. Mwalimu mmoja, jirani yetu, alikuja kuchukua mche. Wifi akamsindikiza mpaka kwake, akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye shimo, likaishia kifundoni. Akageuka na mche wake kifuani, huyo nyumbani. Mwalimu alichimba upya siku tatu, na leo mti wake umepita paa. Mimi ni mgumu wa kusifu watu, lakini pale nilimkubali.

Sasa, kulikuwa na mti mmoja ambao hakuwahi kuukata hata tawi. Ulikuwa hospitalini, nje ya dirisha la chumba cha kufulia. Kaka yangu, aliyekuwa seremala wa hospitali hiyo, aliupanda mwaka waliooana, ili mkewe akiinua macho kutoka kwenye mvuke awe na kitu cha kuangalia. Ni ule mti wa matawi manene yanayotoa maziwa ukiyavunja, wenye maua ya petali tano. Watu wengi wana mweupe. Huu ulikuwa mwekundu wa kuiva, na katikati rangi ya chungwa, na mimi sijauona mwingine kama huo. Kaka alifariki miaka sita kabla ya haya ninayosimulia. Hakupenda kupigwa picha, kwa hiyo kilichobaki cha kutazama ni mti. Kila mwezi wifi alijipaka mafuta, akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda kuusalimia.

Siku moja akarudi mapema, akakaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba bado begani. Wanajenga wodi mpya. Mti unakatwa wiki hiyohiyo. Wamemruhusu achukue matawi anayotaka.

Alikwenda kesho yake na msumeno wa marehemu, akarudi na matawi kumi na moja, kila moja urefu wa mkono. Akayafuta maziwa kwa kitambaa, akayapanga juu ya kabati la vyombo, kwenye gazeti, yasigusane. Jioni simu ikaingia. Binti yake amejifungua, mama anahitajika haraka, si chini ya wiki mbili.

"Wifi, yale matawi usiyaguse," aliniambia akiwa mlangoni na begi lake. "Kidonda cha msumeno kikauke kwanza. Nitayapanda nikirudi."

"Nimesikia."

"Na maji usiyape."

"Nimesikia, wifi. Mimi si mtoto."

Siku ya nne nikapanda kiti kuyachungulia. Masikini, yalikuwa yamesinyaa, ngozi imejikunja, ncha zimelegea. Moyo ukaniuma. Nikasema huyu mwanamke amechanganywa na habari ya mti, amesahau kwamba kitu kilicho hai kinakunywa. Kazi ya mikono ya kaka yangu, mimi niiangalie tu ikiishia juu ya kabati? Basi kiherehere kikanipanda. Nikachukua bafuni makopo kumi na moja yaliyokwisha kutolewa miche, nikayapanga uani, nikayachomeka matawi kwenye udongo mweusi, nikayamwagilia asubuhi na jioni, tena kwa maji ya uvuguvugu yasije yakashtuka. Niliyasemesha hata. Siku zote zilizobaki nilijiona fundi.

Aliporudi alinikuta nje, meno yote nje. Nikamshika mkono nikampeleka uani. Aliyatazama makopo, akainama, akavuta tawi moja. Lilitoka bila ubishi. Chini lilikuwa jeusi na laini kama ndizi iliyosahaulika, na harufu yake ikanifikia nilikosimama. Akavuta la pili. La tatu. Alipofika la kumi na moja, mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana, ningejibu, tungemaliza. Alimwaga udongo wa makopo yote, akayaosha moja moja kwa sabuni, akayafudikiza ukutani yakauke. Kisha akaingia kupika. Tulikula pamoja, nami nilijua nilichofanya. Kilichobaki cha mikono ya kaka yangu nilikuwa nimekizamisha mwenyewe, kwa upendo.

Asubuhi nikajikaza kisabuni, nikaenda hospitalini. Pale chini ya dirisha palikuwa na zege jipya. Nikamwuliza mlinzi ule mti ulitupwa wapi.

"Mama, zaidi ya wiki mbili sasa," akasema. "Hizo ni kuni." Hata hivyo akanipeleka nyuma ya ukuta wa jiko, wanakorundika vitanda vibovu.

Miaka hamsini na minane, gauni la kutokea, na nikapanda juu ya lile rundo la vyuma. Mti ulikuwa chini kabisa, umelaliwa na magodoro. Matawi mengi yalikuwa yamepondwa. Nilivuta moja lililokuwa zima, jepesi, limekunjamana kuliko yale niliyoyahurumia, nikalia palepale mbele ya mlinzi. Lakini nikalifunga kwenye mtandio, maana sikuwa na uso wa kurudi mikono mitupu.

Wifi alilipokea. Akakwangua ngozi kwa ukucha, na chini ya ule ukavu kulikuwa na kijani. Akageuza upande uliokatwa, akaupapasa kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu, umefunga kabisa.

"Unajua kwa nini hili ni zima?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kwa sababu lilikaa mbali na wewe."

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mlango, na mimi nikacheka naye huku machozi yananitoka. Alilichomeka kwenye kopo la mchanga wenye kokoto. Kopo la kumwagilia akalificha chini ya kitanda chake, na kwa wiki tano sikuruhusiwa kupita upande ule hata na glasi ya maji. Wiki ya sita ncha ikafumuka. Wiki ya tisa palikuwa na majani manne, na wifi akanipikia chai bila kuombwa.

Tulisubiri mwaka mzima mizizi ishibe, kisha tukauhamisha mche chini ya dirisha la chumba chake. Shimo nilichimba mimi, na alilipima mara tatu. Alilikata kopo kwa mkasi wa bati ili udongo usiachane na mizizi, akausimamisha mche, akaniambia nishike. Akafukia kwa mikono, akishindilia pembeni polepole. Alipomaliza hakuinuka.

"Wifi," akasema, "miaka ile yote nilikuwa naenda pale na kisu kwenye mkoba."

Sikumwelewa.

"Nilitaka tawi moja tu nije nalo nyumbani. Miti ya watu naikata, mkono hautetemeki. Ule nilishindwa. Nilisema likinifia mkononi nitakuwa nimemzika mara ya pili." Akafuta mikono kwenye sketi. "Halafu wewe ukayaua yote kumi na moja. Nikalia mpaka nikachoka. Asubuhi nikaamka, bado ni mke wake."

Nilikuwa bado nimeushika ule mche kwa mikono miwili.

"Achia sasa," akasema. "Umesimama."

Ilinichukua muda kuachia.