Zulia la Mwisho la Safu ya Tatu

Ukienda leo pale ilipokuwa Safu ya Tatu utakuta majani tu, na kondoo wa watu wengine. Nyumba zilibomolewa zote, malori yakachukua matofali, hata bomba la maji la kona waling'oa. Mimi nilizaliwa pale, nikaolewa pale pale, mlango wa nne kutoka kwetu, na mwanangu Gillian alianza kutambaa kwenye sakafu ya Shangazi Edie Gowland. Nikipita huwa natafuta kwa macho mahali ulipokuwa mlango wake, na kila mara nadhani nimepaona, halafu naona si hapo.

Hakuwa shangazi yangu wa damu. Sisi watoto wa Hagg Burn, kijiji chetu cha mgodi, kila mama wa mtaani tulimwita shangazi, na yeyote kati yao alikuwa na ruhusa ya kukuchapa kofi la mguu, kisha akakukatia mkate wa bapa na siagi kwa mkono ule ule. Edie alikuwa mfupi, mpana, mwenye mashavu mekundu ya mtu anayekaa karibu na moto. Mumewe, Wilf, alichukuliwa na kifua. Wanaume wetu wengi waliondoka hivyo. Vumbi la makaa liliwaingia wangali vijana kule chini mgodini, likatulia, likangoja.

Sasa, kwetu mtu akifa, nguo zake hazikugawiwa wala hazikuuzwa. Zilikatwa. Viazi vikishachimbwa na baridi ikianza kuuma, kiunzi cha mbao kilitolewa juu ya dari, kikawambwa gunia, wanawake wakakaa pande mbili na mikasi yao. Kila mmoja alikuwa na kijiti chake, nusu ya kibanio cha nguo kilichochongwa ncha, anatoboa gunia na kupenyeza kipande cha nguo kuukuu, anatoboa, anapenyeza, huku midomo ikifanya kazi kuliko mikono. Siku ya Krismasi zulia jipya lilitandikwa mbele ya moto. La zamani likahamia jikoni, la jikoni likaenda choo cha uani, na la chooni likamalizia maisha kwenye banda la njiwa.

Kwa hiyo wafu wetu walikuwa nyumbani siku zote, chini ya nyayo, mahali penye joto. Ile bluu ni shati la kanisani la babu. Ile kijivu ni sketi ya mama mkubwa aliyekufa kwa uzazi. Nikipepesuka na kikombe utotoni, ningesikia: "We Norma! Unammwagia babu yako chai!"

Shangazi Edie alituachia mashati ya Wilf. Alituachia suruali, hata fulana. Koti ndilo hakuliachia. Lilikuwa koti jeusi zito, alilovaa Wilf akienda zamu na akienda kwa njiwa wake, na lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni tangu siku aliyolivua. Na koti jeusi kwetu halikuwa jambo dogo. Pembe zote nne za zulia lazima ziwe nyeusi, na nguo nyeusi ilikuwa adimu. Kiunzi kikitolewa, watu wenye akili walishikilia makoti yao mapajani.

Mgodi ulifungwa. Halafu halmashauri ikatangaza kwamba kijiji hakitatengenezwa tena, kiachwe kife chenyewe, watu wapelekwe mjini. Safu ya Kwanza ikaondoka. Safu ya Pili ikaondoka. Mtaani kwetu tukabaki kaya chache, moshi ukitoka bomba hili, bomba lile kimya, kama mdomo ulioanza kung'oka meno. Olive Raine, jirani wa Edie wa ukuta mmoja, alikuwa anahamia kwa binti yake Nottingham. Mimi na mume wangu tulipewa nyumba upande wa pili wa wilaya. Edie alipewa chumba na sebule, ghorofa ya pili, chenye hita ya umeme.

"Sitoki mpaka nimalize zulia," alisema. "Kubwa. Na Wilf atakuwemo mzima, na koti lake. Huko ghorofani nani atakaa nami kwenye kiunzi? Ni hapa, na nyie, au basi."

Tulifanya kazi majira yote yale ya baridi, watatu tu, pale ambapo zamani wangekaa wanane. Katikati pakajaa. Mviringo mwekundu ukajaa. Likabaki pindo jeusi, na pindo lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Kila alasiri Edie aliinuka, akalishusha koti, akaliweka puani. Lilinuka tumbaku ya kiko, njiwa na moshi wa makaa. Najua kwa sababu siku moja alininusisha, kama mtu anayekuonjesha mchuzi. Kisha akalirudisha.

"Kesho," alisema.

"Kesho yako imeota ndevu," alisema Olive. "Mimi Jumamosi gari linanijia, mama. Kata, au nikukatie."

"Liguse nikukate wewe. Kwa mwili huo utatosha pindo na mto wa kiti."

"Afadhali yangu mimi, nina cha kukatwa."

Walikuwa wakitaniana hivyo tangu wakiwa wasichana.

Wiki hiyo, theluji ikianguka, akaja Bwana Aske wa halmashauri. Kijana mpole, masikio yamemwiva kwa baridi, alitumwa kila mara kuwauliza wazee watahama lini, na nadhani aliichukia kazi hiyo. Akaingia, akavua koti lake, jeusi, jipya, akatafuta pa kulitundika. Vigingi vyote vilikuwa vimejaa. Akaliweka juu ya mkono wa kiti, juu ya lundo la matambara yetu, akakaa kunywa chai.

Mtu wa kwetu asingefanya hivyo hata akiwa na homa.

Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta nikimnyonyesha Gillian. Edie alikuwa anakata mkate. Na Olive alikuwa na miwani, miwani nzuri kabisa, ila aliiweka kwenye mkoba kwa ajili ya kanisani, eti ilimzeesha.

"Unabonyeza tu, Bi Gowland," Bwana Aske alikuwa anaeleza. "Joto linakuja lenyewe."

"Na majivu?"

"Hakuna majivu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Huna haja ya kuamka mapema, wala kubeba makaa."

Edie aliweka kisu chini. "Sasa asubuhi nitafanya nini?"

Kijana alikoroga chai yake. Na hapo ndipo tukasikia mkasi wa Olive, kraa, kraa, ukitembea vizuri kwenye kitambaa kinene.

"Edie, mwenzangu, hongera," Olive alisema bila kuinua kichwa. "Hatimaye umelitoa. Ila sikujua Wilf alikuwa na bitana ya hariri, yule mnafiki."

Bwana Aske aligeuka. Mkono mzima wa koti ulikuwa tayari vipande, vimepangwa vizuri kwenye goti la Olive kama maharage.

"Hilo," alisema. "Hilo ni langu."

"Lako?" Olive alilisogeza hadi karibu na pua. "Na kwenye matambara lilikuwa linatafuta nini?"

Edie alianza kucheka. Alianza kwa mabega, kisha akashika meza, kisha akakaa chini, aproni usoni. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Olive naye akaambukizwa, nami nikacheka mpaka Gillian akaachia ziwa akanitazama kwa hasira. Hata Bwana Aske alitabasamu, maskini, akiwa ameshika kile kilichobaki.

Kicheko kilipoisha tukaisikia theluji dirishani. Kituo cha basi kilikuwa mbali, kule chini karibu na kanisa.

"Nitakimbia," alisema. "Si mbali sana."

"Kukimbia na shati hilo?" Edie alisema. "Utaota kifua. Nimeshazika mmoja, siziki wa pili na simjui hata mama yake."

Akasimama. Akaenda nyuma ya mlango. Mimi na Olive hatukutazamana. Alilishusha koti, akalishika kidogo, mara hii hakulinusa mbele ya mgeni, akamshikia kama unavyomshikia mtoto anayekwenda shule. Mkono huu. Mkono ule. Akamfunga vifungo hadi shingoni. Lilimkaa.

"Nitalirudisha, Bi Gowland. Neno langu."

"Nenda, basi litakuacha."

Akatoka. Edie akabaki mlangoni, nami nyuma yake na mtoto begani. Kijana alishuka mtaa akiwa amekunja mabega kwa baridi, kichwa chini, koti lile likipita milango iliyopigiliwa mbao, likipita bomba la maji, likielekea kule ambako wanaume wetu wote walielekea kila zamu ilipopigiwa king'ora. Theluji iliingia mpaka sakafuni. Hakuna aliyemwambia afunge mlango.

"Anatembea vibaya," alisema hatimaye. "Wilf alikuwa anavuta mguu wa kushoto."

Siku zilizofuata hakuna zulia lililoshonwa. Edie alikuwa hakai. Anafagia pasafi, anatoka mlangoni, anarudi. Olive alishauri tutumie mabaki ya koti la yule kijana, maana lilikuwa limeshakufa hata hivyo. "Zulia la Wilf lizungukwe na halmashauri?" Edie alimjibu. "Heri libaki wazi." Ikawa hivyo, na Jumamosi inakaribia, na vitu vya Olive vimeshafungwa, amebakiwa na kikombe kimoja na kijiti chake.

Ijumaa mchana Bwana Aske akabisha. Amevaa koti jingine, na mkononi ana kifurushi cha karatasi kilichofungwa uzi kwa upole.

"Nimechelewa, nisamehe," alisema. "Mke wangu alitaka likauke vizuri. Kalifua, Bi Gowland. Moshi ulikuwa umeshika sana, kalirudia mara mbili, kalipiga na pasi. Na kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia, kakikaza."

Alikuwa amesimama wima, anangoja kusifiwa. Niliitazama mikono ya Shangazi Edie. Ilikuwa imepokea kifurushi na haikufanya chochote.

"Mwambie mkeo ahsante," alisema. "Kajitaabisha. Una mke mwema, mtunze. Karibu chai."

Akamnywesha chai, akamkatia mkate, akamuuliza habari za wazazi wake. Kijana alipoondoka ndipo akafungua uzi, akautia mfukoni mwa aproni, akalikunjua koti na kuweka uso wake ndani yake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Gillian alikuwa anatambaa chini ya kiunzi akiokota vipande, na Olive akaweka kijiti chake chini.

Edie alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Linanuka maua," alisema. "Kanisa zima la maua."

"Edie," Olive alisema taratibu. "Kwenye mifuko?"

Alitia pua. Hata mifuko ilikuwa imegeuzwa na kufuliwa.

Akalitandaza mezani, akalilainisha kwa kiganja, kola, kifua, mikono. "Norma, nipe ule mkasi mkubwa."

"Si lazima, Shangazi. Tunaweza kutafuta..."

"Nipe, mwanangu. Niliyekuwa namweka humu ametoka. Sasa hii ni nguo."

Alianza mwenyewe, kwenye kola. Mkasi ulikwama, akakaza, ukapita. Baada ya hapo alikata haraka bila kusimama, akitusukumia vipande huku na huku, na sisi tukatoboa na kupenyeza, kila mtu pembeni mwake. Olive alitoa miwani mkobani akaivaa. Edie alimtazama.

"Kumbe una macho mazuri."

"Kazi yako hii, mama. Leo sitaki kukosea."

Koti halikutosha. Upande mmoja wa pindo ulibaki wazi, na hapakuwa na nyeusi nyingine mtaani kote, kwa sababu hapakuwa na mtaa. Edie alifikiri kidogo, akaashiria kwa kidevu mabaki ya koti la Bwana Aske.

"Mtie huyo. Upande wa mlangoni. Aone wanaoingia."

Tulilimaliza mwanga wa dirishani ungalipo. Tukalitoa kwenye kiunzi, tukalitandika mbele ya moto wake, tukasimama juu yake soksi tupu, wanawake watatu na mtoto mmoja, tukila mkate na nyama ya chumvi. Jumamosi gari likamjia Olive. Waliagana kwa matusi.

Nilikwenda kumwona Edie mjini maua ya mwanzo ya manjano yalipotokea. Ngazi zilikuwa safi na zilinuka dawa, milango yote imefungwa. Hita ilikuwa ukutani, ndogo, haina pa kutazama, na zulia alilokuwa amelitandika mbele yake lilionekana kama mgeni aliyepewa kiti kibaya. Aliniambia anaamka saa ile ile ya zamani. Anakaa. Anasikia watu wa juu wakitembea lakini hajui majina yao.

"Joto lipo, sisemi," alisema. "Linakuja lenyewe, kama alivyosema kijana."

Gillian alishuka mapajani mwangu, akajilaza katikati ya zulia kwenye mashati, akaanza kupapasa rangi. Shangazi Edie alivua viatu, akaweka miguu yake kwenye pindo, akaisugua huku na huku polepole.

"Vua na wewe, Norma," alisema. "Sogea huku, huko umemkalia yule wa halmashauri."

Nikavua. Nikasogea. Chai ikapoa mezani, basi langu la kurudi likapita chini ya dirisha, nikaliacha liende.