Vyoo Vilivyofungwa vya Nazlat Sineina

Saa tatu asubuhi, Rawhiya Abdeltawab anasimama mbele ya mlango wa bati nyuma ya nyumba ya jirani yake. Kalamu iko mkononi, lakini haandiki. Mlango una kufuli. Ndani yake kuna choo kilichojengwa vizuri, chenye sakafu ya saruji na ndoo mpya.

Fomu aliyoishika inauliza: je, nyumba ina choo? Majibu ni mawili tu, ndiyo au hapana.

"Weka ndiyo, twende zetu tukanywe chai," anasema mwenye nyumba, Hajati Fawqiya, mjane wa miaka sabini na mmoja.

"Mara ya mwisho ulikitumia lini, Hajati?"

"Mimi? Kwani mimi mgeni?"

Rawhiya, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mhudumu wa afya wa Nazlat Sineina, kijiji cha kusini mwa Minya nchini Misri. Kwa miaka kumi na miwili amepita nyumba kwa nyumba akipima watoto uzito na kuwashawishi wazazi wajenge vyoo. Leo, kati ya nyumba 212, nyumba 190 zina choo. Cheti cha pongezi kimetundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Sasa cheti hicho kinamsumbua. Mpango wa taifa wa maji taka unapanga vijiji kwa awamu. Vijiji visivyo na vyoo vitachimbiwa mabomba kwanza. Kijiji ambacho robo tatu ya nyumba zake au zaidi zina vyoo kitasubiri miaka saba. Fomu zinakusanywa Alhamisi, na mhandisi atakuja siku hiyo hiyo kuhakiki.

"Nikiandika ndiyo, tunasubiri miaka saba," anasema. "Nikiandika hapana, mhandisi atafungua mlango akute choo safi kuliko cha ofisini kwake. Nitaonekana mwongo. Sijui nishike lipi."

Kufuli kama hiyo, ambazo sasa ziko kwenye vyoo vingi vya kijiji, zililetwa na maji. Miaka tisa iliyopita, mpango mwingine uliingiza mabomba ya maji safi majumbani, na kijiji kilichinja ndama kwa furaha. Hakuna aliyepanga maji hayo yaende wapi yakishatumika. Ardhi ya kando ya mfereji ni chepechepe. Shimo la choo lililokuwa likijaa kwa mwaka mmoja sasa hujaa kwa wiki tatu, na kuta za matofali mabichi hunyonya unyevu hadi zinapasuka. Trekta la kunyonya shimo hutoza pauni mia tatu, ujira wa siku mbili wa kibarua wa shambani.

Basi watu wakafunga. Ufunguo hutolewa kwa mgeni, kwa bibi harusi na kwa mgonjwa. Wengine huenda nyuma ya zizi. Maji ya vyombo hubebwa kichwani hadi kwenye mfereji, na watoto huogelea humo humo. Kiangazi kilichopita, Rawhiya aliandika majina ya watoto thelathini na mmoja walioharisha ndani ya mwezi mmoja.

Amepiga simu ofisi tatu. Ya afya ilimwambia ahesabu milango. Ya maji ilimwambia ahesabu watumiaji. Ya mipango ilimwambia ajaze fomu kama ilivyo, asiandike pembeni.

"Nimehesabu kufuli," anasema. "Ziko mia moja thelathini na nne."

"Mia moja thelathini na tano," Hajati anamrekebisha. "Ile ambayo ufunguo wake umeuvaa shingoni umeisahau?"

Rawhiya anacheka. Anautoa ufunguo mdogo wa shaba chini ya mtandio wake.

"Hata changu," anakiri. "Mwalimu wa vyoo. Ukuta wa chumba cha mama mkwe wangu ulianza kulala upande. Ningefanyaje?"

Wakiwa kwenye chai, anaeleza mpango wake. Ataandika ndiyo, kwa sababu vyoo vipo. Lakini mhandisi hatapelekwa kwenye mlango wowote. Atakaribishwa chai katika nyumba tano hadi yeye mwenyewe ahitaji choo, na hakuna atakayemwonyesha ufunguo mpaka aulize.

Hajati anaweka bilauri chini. "Mgeni umfiche ufunguo? Tutasemwa hadi ng'ambo ya mto."

"Simnyimi, Hajati. Nataka aulize tu. Akiuliza kwa nini kimefungwa, nitamjibu yale ambayo fomu haikuniuliza, na nitampa orodha ya watoto wangu thelathini na mmoja."

"Na asipouliza?"

Rawhiya anazungusha bilauri yake. Anasema hata sasa hajui kama anachopanga ni ukweli au ujanja. Anachojua ni kwamba anataka mabomba yachimbwe kabla bintiye mdogo, mwenye miaka sita, hajafika umri wa kubeba ndoo za maji machafu.

Hajati Fawqiya anainuka. Anaenda kwenye msumari ulio kando ya mlango, anautoa ufunguo wake na kuutia kifuani.

"Basi aanzie kwangu," anasema. "Na bilauri ndogo hizi ziondoe. Nitamtolea zile kubwa."