Ubao wa Tulia Kwanza

Iko siku moja ambayo haitaki kunitoka kichwani, mwanangu. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Mimi mwenyewe bado niko sekondari, na ndevu zangu ukizitaka uje na tochi. Lakini wewe uko gredi ya saba na sweta inakufika magotini, kwa hivyo keti chini, mzee wako anasema.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Babu yangu alikuwa amefariki mapema wiki hiyo, na mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na nyanya yangu tukiteremka River Road, kule mjini, kutafuta baa.

Sikiliza tena kama hukushtuka. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu, ni mama wa kanisa kule Kabiria. Mlevi akipita nje ya lango letu akiimba, Susu anatoka kumwombea kwa sauti mpaka yule jamaa anabadilisha njia. Sasa yeye ndiye alikuwa akiuliza watu, "Samahani, baa ni wapi?"

Babu alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo moja huko mjini, na akishafunga kazi jioni alipitia Tulia Kwanza, Baa na Lodging, kunywa chupa moja na wenzake. Moja tu, halafu nyumbani. Susu hakuamini hiyo hesabu. Chakula kilikaa mezani kimefunikwa, yeye amekaa kando yake hajagusa hata tonge, na Babu akifungua mlango, mahubiri yalianza kabla hajavua viatu.

Kila Ijumaa akina mama walikutana kwetu kwa maombi, kila mmoja akitaja jambo lake. Mmoja anataja kodi ya nyumba, mwingine mama mkwe. Susu alikuwa na ombi lilelile mwaka nenda mwaka rudi: "Bwana, funga Tulia Kwanza." Mimi niliketi nyuma nikisubiri mandazi, na nilisema amina kwa sauti kuliko wote ili chai ije haraka.

Babu alicheka tu. "Mwambie aanze na zile zingine," alisema.

Na zile zingine zilianza kufungwa kweli. Babu alinisimulia River Road kama mtu anayesimulia jamaa zake. Ile baa ya kona, yenye sanduku la muziki lililokula sarafu na kukataa kuimba, ikawa duka la dawa. Ile lodging ambayo vijana kutoka Ukambani walifikia kabla hawajapata kazi, wakilala wawili wawili kitanda kimoja, ikawa kanisa. Babu aliapa kwamba viti ni vilevile. Ile ya orofani, ambako makarani walicheza dansi Jumamosi wakiwa na tai shingoni, ilibomolewa na jengo zima. Mwishowe Tulia Kwanza ikabaki peke yake.

Sasa, mwanangu, elewa jambo moja kuhusu Tulia Kwanza. Ukutani palikuwa na ubao mweusi, na ubao huo haukuandikwa bei ya kitu chochote. Mwenzao akifa, jina lake liliandikwa hapo kwa chaki, na kwao ni wapi, na siku ya safari ya kwenda kumzika. Basi. Kila aliyeingia alisoma, na jioni walikaa chini ya huo ubao kupanga gari na kugawana kazi. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. "Namba za nini," Babu aliniambia, "na kesho tunaonana?" Kwenye simu yake tulikuwemo sisi na pasta. Marafiki zake aliwajua kwa majina ya hapo: Kofia, Mwalimu, Mtu wa Reli. Alikuwa amewasindikiza wengi kwa njia hiyo.

Kisha miguu ikamvimba, akakaa nyumbani miezi mingi. Karibu na mwisho alimwambia Susu jambo moja tu: "Niandikwe kwenye ubao. Nisizikwe kama mgeni."

Ndiyo maana tulikuwa River Road. Nilikuwa nimejitolea kwenda peke yangu.

"Wewe uingie baa na sare ya shule?" Susu akauliza.

"Nitaivua, Susu."

"Nyamaza. Twende."

Babu alikuwa ametuambia tutafute mlango wa kijani. Hakukuwa na mlango wa kijani. Palikuwa na vioo, taa nyeupe, na vibanda vyembamba ambavyo mtu mnene angeingia kwa ubavu. Katika kibanda cha kwanza msichana alikuwa akiuza makava ya simu, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka.

"Mwanangu, Tulia Kwanza iko wapi?" Susu akamwuliza.

"Ilikuwa hapa, shosho. Ilifungwa kitambo."

"Na wale wazee?"

"Wazee gani? Sijui, shosho. Walienda tu."

Mimi nami mdomo wangu haujui kupumzika. "Susu, si hii ndiyo mlikuwa mnaombea? Mungu amejibu. Haleluya!"

Siku nyingine kofi lingenikuta kabla sijamaliza. Susu alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja polepole, akakikunja tena.

"Niliomba hii," akasema. "Kila Ijumaa. Na sikuwahi kumuuliza Mungu, hata mara moja, wale watu wataenda wapi."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki cha yule msichana. Mwanangu, sijawahi kutamani kofi kama siku ile.

Msichana alipunguza muziki mwenyewe. Susu akamwuliza kama aliona ubao mweusi wakati anaingia hapo.

"Si ni huu?" Msichana akasogeza safu ya makava. Nyuma yake ubao ulikuwa bado ukutani, umetobolewa misumari ya kuning'iniza bidhaa. "Andika tu, shosho. Nitatoa hizi za huku."

Chaki nilikuwa nayo kwenye begi. Usiniulize kwa nini mwanafunzi anatembea na chaki za shule. Susu aliandika kwa mkono wake: *Fundi wa Saa. Kwao Mwingi. Safari ni Jumamosi asubuhi.* Tukakaa mpaka jua likaondoka. Watu walinunua makava.

Ijumaa tulirudi. Kwa mara ya kwanza Susu alikosa maombi. Jioni, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisimama mbele ya kile kibanda. Baadaye alituambia kwamba hupita hapo kila Ijumaa, kuhakikisha tu kama bado pamefungwa. Akausoma ubao. Akavua kofia.

"Fundi?"

"Ndiye," Susu akasema.

"Wewe ndiwe mama? Yule wa maombi?"

Susu akainamisha kichwa.

"Alikuwa akikutaja kwetu," mzee akasema. "Giza likianza kuingia, anasimama. Tunamwambia, Fundi, ongeza moja. Anasema hapana, kuna mtu hali mpaka nifike."

Susu akauliza wengine wako wapi.

"Sijui, mama. Tulikuwa tunajuana hapa."

Jumamosi Kofia alikuja peke yake. Basi lilikuwa na viti vingi vitupu, naye aliketi katikati yao kama mtu aliyeshikia wenzake nafasi. Kule kaburini, zamu yake ilipofika, aliinama akachota udongo mara kadhaa, akisema kila mara, "Huu ni wa Mwalimu. Huu ni wa Mtu wa Reli." Nilijaribu kutafuta mzaha. Sikuupata.

Basi nasaha yangu, mwanangu, na hii ni ya Susu, mimi naibeba tu: kabla hujaomba mahali pafungwe, ingia kwanza uone ni nani amekaa ndani. Na mzee wako akikwambia, twende nikuonyeshe watu wangu, acha simu uende. Uwajue kwa majina yao yote. Uliza wanakolala, maana mahali wanapokutana panaweza kuwa duka la makava ukiwa bado unasema utaenda kesho.

Nenda sasa, kengele imelia. Mungu akupe mahali ambapo, jioni ukikosa kufika, mtu atageuka mlangoni aulize uko wapi.